Nicasia na Mfupa wa Bibi Anacleta

Nicasia Yucra alizaliwa katika nyumba yenye lama wengi kuliko watu, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuokota mifupa. Baba yake, Tiburcio, alikuwa mtu wa misafara ya chumvi. Alipakia chumvi migongoni mwa lama, akashuka nayo mabondeni, akarudi na mahindi. Kabla ya safari alichinjwa lama mmoja wa sadaka. Nyama ililiwa na ukoo mzima, ila mifupa haikupigwa shoka wala haikutupiwa mbwa. Kisu kilipitishwa kwenye maungio polepole, kila mfupa ukatoka mzima, na watu wakishashiba yote ilikusanywa, hata vile vijifupa vya kwato vinavyoweza kupotea kwenye mkunjo wa sketi. Ilifukiwa nyuma ya zizi, ili mnyama apate pa kuanzia kurudi. Mfupa mmoja ukikosekana, angerudi kilema.

Aliyetumwa kukusanya alikuwa Nicasia, kwa kuwa alikuwa mdogo na macho yake yalikuwa karibu na ardhi.

"Nicasia, kifundo cha mguu wa nyuma kiko wapi?" baba yake alikuwa akiuliza, shavu limejaa majani ya koka.

"Sijakiona, baba."

"Basi kamuulize mbwa. Akikataa kusema, mfuate mpaka aende haja."

Wajomba walicheka, naye alikwenda kweli, analia huku akimfuata mbwa kilimani. Ndivyo alivyoijua mifupa. Hakuna aliyekaa naye chini kumfundisha. Alijifunza kwa hofu ya kuipoteza. Alipokuwa mwari aliweza kufumba macho, akapapasa, akakwambia huu ni wa mguu wa mbele, mnyama alikuwa dume, tena alibebeshwa mizigo kabla hajakomaa.

Maisha hayakumwacha kule juu. Barabara ilipofika, chumvi ilipanda lori na lama wakabaki kutazama vumbi. Nicasia aliolewa na kijana mpole, Hermógenes, ambaye alivuka mpaka kwenda kukata miwa. Mara ya kwanza alirudi na redio. Baadaye zikarudi habari tu, kwamba ana nyumba nyingine huko na mtoto anatembea. Nicasia hakulia mbele za watu. Alimfunga binti yake mgongoni, akashuka mjini Tolapata, akatandika kitambaa chini ya ukuta wa kanisa siku ya soko, akaanza kuuza alichokuwa nacho: vijiko vya mbao, pini za zamani za kufungia shali, na mifupa ya kufumia.

Mfupa wa kufumia ni mfupa wa mguu wa lama. Upande mmoja unaachwa na kifundo chake, mkono upate pa kushika. Upande wa pili unachongwa ncha. Mfumaji anaupenyeza kwenye nyuzi za mtande, anaziokota, halafu anaushindilia mshindio kwa ncha ile ile, tak, tak, tak, tangu usichana wake mpaka siku mikono itakapokataa. Mfupa uliofanya kazi hiyo unang'aa kama jino. Na huo ndio wageni wanaoutaka. Mpya hawautazami. Wanataka uliotumika na mtu, wakautundike ukutani kwao. Ndipo walipozuka mafundi wa kuzeesha. Fundi anachonga mguu wa punda aliyekufa juzi, anausugua kwenye jiwe, anauchemsha kwenye chai, anaufukizia moshi wa mavi makavu, na Jumapili mfupa unafika sokoni una umri wa bibi yako mzaa mama.

Hapo ndipo Nicasia alipopata jina. Kwa miaka mingi, mtu akiletewa mfupa akautilia shaka, alisema, "Mpelekee doña Nicasia auone." Naye aliugeuza mara moja tu. Wa punda una kifundo kimoja kizima. Wa ng'ombe una viwili vilivyobanana. Wa lama viwili vimeachana, kama miguu ya mtu aliyesimama akikusubiri. Baada ya hapo alitazama ncha, kwa sababu uzi huchimba vijifereji vyembamba ambavyo jiwe haliwezi kuviiga. Halafu alisema, "Mzee," au alisema, "Wa jana," na biashara ikafungwa kwa neno hilo. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Alisalimiwa kabla ya wengine, basi, na kwa mwanamke aliyeachwa na mume hilo halikuwa jambo dogo.

Mambo yaliharibika kipindi cha kuvuna viazi. Kulikuwa na mchuuzi mmoja kutoka mji mkubwa, don Ruperto, mtu mnene wa kofia ya ngozi, aliyenunua vitu vya kale kwa ajili ya maduka ya wageni. Jumapili moja alikuja moja kwa moja mpaka kwa Nicasia, akamtupia mfupa mapajani.

"Huu uliniambia mzee, doña."

"Ndiyo. Mzee."

"Mwenye duka kautia kwenye maji ya moto autoe vumbi. Maji yakawa chai, mama! Alikosa sukari tu anywe."

Safu nzima ya wauzaji ilicheka. Aliyecheka zaidi ni Ubaldina, muuza vyungu, komadre wake Nicasia, maana ndiye aliyemsimamia binti yake ubatizo, na komadre ana ruhusa ya kukucheka.

"Komadre, macho yako yamekwenda kutafuta kuni? Waambie warudi, moto umezimika!"

Nicasia aliugeuza ule mfupa, akaona sasa alichokuwa hakukiona. Vijifereji vilikatwa kwa msumeno mwembamba, kimoja baada ya kingine, kwa mpango. Fundi alikuwa amejifunza. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake, na wiki nzima kicheko kile kilimkaa kifuani.

Jumapili iliyofuata, kwenye mwisho wa safu, alikaa Fortunata Limachi. Alikuwa mwanamke wa Wayllani, kijiji cha juu, mjane wa karibuni, mtu asiye na maneno mengi. Nafasi ile alipewa kwa huruma baada ya mumewe kufukiwa na udongo machimboni. Mwenyekiti wa safu, mzee Melitón, alimwambia wazi: utakaa, ila sheria yetu unaijua, anayeuza kitu cha uongo anakunja kitambaa chake na harudi, kwa sababu uongo wa mmoja unatufukuzia wanunuzi sote.

Siku hiyo Fortunata alikuwa ametandaza viazi vya kugandishwa, jozi ya mikanda ya kufumwa, na mfupa mmoja. Don Ruperto aliuona. Aliuokota, akaupima mkononi, akapenda. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hutazama majani mara mbili. Akaubeba mpaka kwa Nicasia, na watu wakamfuata nyuma, kwa sababu kila mmoja alitaka kuona kama macho yamerudi kutoka kwenye kuni.

"Haya doña. Leo utaniambia chai au kahawa?"

Nicasia alichukua mfupa. Kifundo kilikuwa cha lama, kimeachana vizuri. Sehemu ya juu ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya kiganja. Ncha iling'aa. Akaitazama ncha, macho yakasimama hapo. Ilikuwa imeliwa upande usiotakiwa. Mfupa una mgongo na tumbo. Mfumaji anaulaza mgongo kiganjani, na mkono ukienda na kurudi miaka yote hiyo, ncha inakwisha upande mmoja, daima ule ule. Huu ulikuwa umekwisha upande wa pili. Katika mifupa yote iliyowahi kupita mikononi mwake hakuwahi kuona uliokwisha namna hiyo.

"Doña?" alisema Ruperto.

Alihisi macho ya Ubaldina. Akasema kwa sauti, zaidi ya ilivyohitajika:

"Mnyama ni lama, kweli. Lakini hakuna mkono unaokula mfupa upande huu. Hapa jiwe ndilo lililokula. Aliyeusugua hajawahi hata kufuma, hajui upande."

Ruperto alipiga mluzi. "Afadhali niliuliza."

Fortunata alikuwa amefika, ameiacha bidhaa yake wazi. "Ni wa mama yangu," alisema.

"Kila mfupa hapa ni wa mama wa mtu," Nicasia alijibu.

Watu walicheka tena, ila mara hii walicheka upande wake, na kicheko hicho kilimwingia kama supu ya moto. Fortunata alimtazama tu. Mzee Melitón alikuja akichechemea, akasikiliza, akavua kofia yake na kuivaa tena, kama afanyavyo anapolazimika kufanya asilolipenda.

"Mwanangu Fortunata, umesikia mwenyewe. Kunja."

Alikunja. Viazi vilianguka vichache, akainama kuviokota kimoja kimoja, na hakuna aliyeinama naye.

Nicasia aliuza vizuri siku hiyo. Alinunua kipande cha mbavu, akapika na mahindi, akakaa na bakuli mapajani mpaka mafuta yakaganda. Kulikuwa na kitu kinamsumbua na hakujua ni nini. Kesho yake alipoketi kufuma mkanda wake mwenyewe, aliushika mfupa wake, akautazama kiganjani. Juu ulikuwa mweusi, ukififia kadiri unavyoshuka, mweusi kabisa pale kidole gumba kinapolala. Moshi haufanyi hivyo. Moshi unapaka pote sawa, hauna kidole gumba. Na mfupa wa Fortunata ulikuwa na kidole gumba. Alikuwa amekiona. Alikiona kabisa, waziwazi, kabla hajafungua mdomo, akakisukuma pembeni kwa sababu watu walikuwa wakingoja na komadre wake alikuwa akitabasamu.

Alijaribu kufuma, uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika tena. Alijiambia ncha imeliwa upande mbaya, na ncha haidanganyi. Akajijibu mwenyewe kwa sauti, peke yake chumbani, "Na kidole gumba je?"

Siku chache baadaye alipanda lori la viazi lililokuwa linarudi tupu Wayllani. Kwa dereva alisema anakwenda kutafuta shali za zamani. Dereva hakuwa amemuuliza.

Nyumba ya Limachi alionyeshwa, ya mwisho kabla ya malisho, ukuta wa mawe na mlango wa bati. Fortunata hakuwepo, alikuwa malishoni na wanyama. Uani, kwenye jua, ameegemea ukuta, alikaa bibi kizee mdogo kama mtoto, kofia imemfunika mpaka nyusi, anasokota uzi.

"Karibu, mamay, sikuoni vizuri lakini nasikia viatu vya mjini," alisema. "Kaa. Mimi ni Anacleta. Kuna chuño kwenye chungu, viazi vya kugandishwa, vya asubuhi, vina joto bado."

"Nashukuru, bibi."

Nicasia alikaa, akapewa bakuli, na mkono wake haukufika mdomoni. Alikuwa anatazama pia ya bibi, ile ya kusokotea uzi. Ilikuwa inazunguka kinyume. Kwetu uzi wa kawaida unasokotwa kulia. Wa kushoto ni wa kinga, unafungwa mguuni kwa mjamzito na kiunoni kwa mgonjwa ili mabaya yasimwone. Wafumaji wengi huusokota kwa shida, wanapotea, wanatukana. Bibi huyu aliusokota huku akizungumza, kama anayepumua. Na pia yenyewe ilikuwa imeshikwa kwa mkono wa kushoto.

"Unatazama mkono wangu," bibi alisema akicheka. Hakuwa na meno. "Kila mtu anautazama. Mama yangu aliufunga kwa kitambaa nilipokuwa mtoto. Kitambaa kikaoza, mkono ukabaki. Mume wangu alisema hataki mke anayekoroga chungu kinyumenyume, halafu akala miaka arobaini. Sasa wanakuja kutoka kila mahali, bibi nipe uzi wa kushoto, bibi nipe uzi wa kushoto. Wewe nawe umekuja kwa uzi?"

"Na kufuma, bibi? Ulifuma kwa mkono huo?"

"Ningefuma kwa mguu?"

Nicasia aliweka bakuli chini.

"Nilifuma mpaka vidole vikajikunja, unaona," bibi aliendelea, akanyoosha vidole ambavyo havikunyooka. "Mfupa wangu nimempa Fortunata auze. Aliniambia bwana mmoja wa mjini kaitazama mifupa yote ya sokoni, akaupenda wangu tu. Kasema hajaona ulioshiba kazi kama ule. Nikamwambia, binti yangu, kama unauzwa, uuzwe kwa mtu atakayefuma. Akasema ndiyo, mama, ameuchukulia mfumaji. Wewe unatoka Tolapata. Ulisikia ni mfumaji gani?"

"Sikusikia, bibi," alisema Nicasia.

Kengele za lama zilisikika, na Fortunata akatokea na kombeo begani. Alipomwona mgeni hakushtuka. Alimpa mama yake maji, akamfunika magoti, halafu akasema kwa utulivu, "Doña, njoo nikuonyeshe zizi."

Kwenye zizi, nyuma ya ukuta, utulivu ukaisha.

"Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Fortunata, nimeona mkono wake. Nilikosea. Mfupa ni wa kweli, mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wa kweli! Nimeuona tangu nanyonya! Wewe ndiye wa kuniambia?"

"Kwa nini hukusema ni wa kushoto?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnacheka."

Nicasia alijaribu njia nyingine. "Nipe huo mfupa. Nitaupeleka Jumapili, nitawaonyesha. Nitawaeleza upande."

"Haupo."

"Uko wapi?"

"Mtoni. Pale darajani, nikitoka kwenu. Ningeurudisha nyumbani nimwambie mama nini? Kwamba mfupa wake ni jiwe? Nimeutupa, nikaja nikamdanganya, na sasa kila siku namdanganya zaidi, maana ananiuliza mpaka rangi ya kofia ya yule bwana."

Lama mmoja alinyoosha shingo akawatazama. Nicasia alishika kamba ya zizi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniombe msamaha hapa. Hukunivua nguo hapa. Ulinivua kule, mbele ya safu, na mchuuzi, na wauza vyungu. Hapa watakusikia hawa tu," alisema, akionyesha lama, "na wao hawanunui kitu."

Basi Jumapili Nicasia alikwenda sokoni bila kulala vizuri. Hakutandika kitambaa. Alingoja watu wajae, akangoja mpaka don Ruperto afike, halafu akasimama katikati na kusema yote: mkono wa kushoto, kidole gumba, ncha, kicheko. Alisema alikuwa na hasira ya kuaibishwa, akamshushia asiyehusika. Alisema Fortunata arudishwe.

Ubaldina ndiye aliyejibu kwanza.

"Ngoja, komadre, nielewe. Macho yako yalikosea."

"Ndiyo."

"Na aliyetwambia yalikosea ni nani?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Nimeona."

"Kwa macho gani? Hayo hayo?"

Soko lilipasuka. Hata padri mdogo aliyekuwa ananunua mishumaa alicheka. Nicasia alisimama katikati ya kicheko hicho akajua kwamba hakina mwisho atakaoufikia kwa maneno. Kama wanamwamini leo, basi Fortunata alionewa. Kama hawamwamini leo, kwa nini walimwamini juzi? Wote waliliona hilo na hakuna aliyelitaka.

"Huo mfupa ulete tuutazame," alisema Ruperto.

"Uko mtoni."

"Aa! Mtoni." Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya chai ya kubeba, imejaa maji ya moto, akaitikisa. "Usijisumbue, doña. Mimi tangu leo mtaalamu wangu ni huyu. Natumbukiza, nangoja, natazama. Hanuni wala haombi kusalimiwa."

Mzee Melitón hakucheka. Alivua kofia akaishikilia mikononi.

"Doña Nicasia, mimi siwezi kumrudisha mtu kwa neno lililogeuka. Kesho kila aliyefukuzwa ataleta bibi yake mwenye mkono wa kushoto. Lakini iko njia ya zamani. Unayemtolea dhamana unakaa naye kitambaa kimoja. Akikamatwa na kitu cha uongo, mnakunja wote wawili, na wewe pia hutarudi. Unaikubali?"

"Naikubali."

"Fikiri. Huna kazi nyingine."

"Nimesema naikubali, don Melitón. Au na masikio yangu huyaamini?"

Hapo alicheka kidogo, akavaa kofia, ikawa imekwisha.

Habari ilifika Wayllani bila mtu kutumwa, kama ziendavyo habari mbaya na nzuri. Fortunata alikuja Jumapili moja baadaye. Alikaa kwenye ukingo wa kitambaa, akapanga viazi vyake upande wake na kuacha nafasi tupu katikati, pana kiasi cha mtu wa tatu kukaa. Hakusalimia. Wapitao waliwatazama wote wawili kama watazamao ugomvi wa mume na mke. Hakuna aliyemletea Nicasia mfupa. Don Ruperto alipita na chupa yake, akatumbukiza kitu cha jirani, akasubiri, akanusa, akaenda. Jirani akabaki ameshika mfupa unaodondosha maji, na Nicasia, aliyekuwa ameuona tangu ulipotolewa kwenye mfuko, akajua ulikuwa mzee na akajua pia kwamba maji yale ya moto yameuharibu. Alipanga upya vijiko vyake.

Mchana alitoa mahindi ya kuchemsha na jibini, akasogeza nusu kwenye ile nafasi ya katikati.

"Nimeshiba," alisema Fortunata.

Mahindi yalikaa pale mpaka yakaingia vumbi. Soko lilianza kupungua, malori yakawashwa. Fortunata alikuwa anafunga mikanda yake, mgongo umemgeukia, aliposema, kama anayezungumza na fundo la kamba:

"Mama bado anauliza. Amesema labda ni mfumaji wa bondeni, maana wa huku angeshakuja kumshukuru. Jana amenituma nikuulize wewe, yule mwenye viatu vya mjini. Mimi nimechoka kudanganya. Njoo umjibu mwenyewe."

"Nimjibu nini?"

"Utajua wewe."

Lori lilikuwa lile lile na dereva yule yule, na safari hii Nicasia hakusingizia shali. Njiani Nicasia alijaribu kumtunga mfumaji. Alimpa jina, akampa kijiji cha bondeni, akampa watoto. Alimpa hata mkono wa kushoto. Yule mwanamke alizidi kupendeza kadiri barabara ilivyopanda, mpaka kwenye daraja, ambapo lori lilipunguza mwendo na mbao zikagonga chini ya magurudumu. Nicasia alitazama maji. Yalikuwa mengi na ya rangi ya udongo, na hayakuonyesha kitu. Walipofika ng'ambo, mfumaji hakuwepo tena. Alijaribu kumrudisha, hata jina lake lilimtoroka.

Bibi Anacleta alikuwa kwenye jua.

"Viatu vya mjini," alisema kwa furaha. "Umeniletea jina?"

Fortunata alisimama mlangoni, mikono imeshika fremu. Nicasia alichuchumaa mbele ya bibi, karibu, ili aonekane.

"Bibi, mfupa wako haukununuliwa. Uliletwa kwangu niutazame, mimi ndiye wanayenionyesha mifupa. Nikasema ni wa uongo. Nikasema jiwe ndilo lililoula. Watu wakacheka, na binti yako akafukuzwa. Mfupa uko mtoni. Aliyeutia mtoni ni mimi, hata kama si mkono wangu uliotupa."

Pia ile iliendelea kuzunguka. Bibi hakuinua uso.

"Jiwe," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Ulisema jiwe."

"Nilisema."

Uzi ulizidi kushuka kutoka kwenye vidole vilivyojikunja, mwembamba, sawasawa, kwenda kushoto. Pia yake ikagusa ardhi. Bibi akaizungushia uzi, akaanza upya. Jua liliupita ukuta. Nicasia alibaki amechuchumaa pale pale, miguu imekufa ganzi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke.